Mnapoondoka Makambako: Maneno kwa Vijana Wanaokwenda Vyuoni

(Hotuba iliyosomwa Njombe katika mkutano wa mwaka wa wahitimu wa zamani, mbele ya walimu, wazazi na vijana waliomaliza kidato cha sita.)



 Nimeombwa niseme machache kwa vijana wanaojiandaa kwenda vyuoni. Sina sifa ya usomi mkubwa. Sifa yangu ni kwamba kabla ya kustaafu nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya msajili wa chuo kimoja, mahali ambapo kila kijana hupita mara mbili: siku anayoingia na siku anayoondoka. Wengine huondoka na joho. Wengine huondoka na barua. Leo nataka kusema juu ya hao wa barua, kwa sababu wengi wao hawakuwa wajinga hata kidogo.

Sisi wa miaka ya mwanzo ya 1980 tulikuwa tukishuka kutoka Njombe, Ludewa na Makete mpaka Makambako, na hapo ndipo safari ilipoanza hasa. Mwenye bahati alipanda treni ya TAZARA, mwingine alisubiri basi la barabara kuu pale njia panda, upepo ukimpiga. Nanyi pia wengi wenu mtapita hapo. Basi naomba niitumie reli hiyo kuwaeleza jambo la kwanza.

Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Ilijengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Ukiangalia ramani, kipande cha kutoka Mlimba hadi Makambako ni kifupi tu. Lakini hapo ndipo reli inapoacha bonde la Kilombero na kupanda milima kuja kwetu, na hapo ndipo wajenzi, Watanzania na Wachina, walipotoboa mahandaki na kujenga madaraja mengi kuliko mahali pengine. Kazi ya njia yote ilikuwa inapimwa hapo. Mwaka wa kwanza wa chuo ni Mlimba hadi Makambako. Ni mfupi, lakini wengi wanaoshindwa hushindwa humo, tena hushindwa kimya kimya.

Kwa nini iwe hivyo? Shuleni kulikuwa na kengele. Mwalimu wa zamu alijua kama umelala bwenini. Chuoni hakuna kengele. Mhadhiri ataingia, atafundisha, atatoka, na usipokuwapo hatakutafuta. Katika vyuo vyetu vingi, kati ya alama 100 za somo, 40 hutokana na majaribio na kazi za muhula, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Kijana akisema "nitasoma mtihani ukikaribia," ajue kwamba wakati huo sehemu kubwa ya hesabu yake imekwisha fungwa. Tena alama za mwaka wa kwanza hazifutiki. Huingia katika wastani wa shahada mpaka siku ya mwisho. Kwa vyuo vikuu vyetu wastani huo hupimwa kwa 5, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Mwenye kuanza na wastani wa 2.1 mwaka wa kwanza atapanda mlima miaka yote inayobaki.

Basi hudhurieni masomo. Andikeni kwa mkono wenu. Msitegemee yale mnayoita madesa, yaani maandishi ya watu wa mwaka jana yanayozunguka kutoka chumba hadi chumba, kwa maana pamoja na akili zao mnarithi na makosa yao. Fanyeni vikundi vya kusoma vya watu watatu au wanne, wasiwe kumi. Na juu ya lugha: wengi wetu tunaotoka huku tunasoma Kiingereza vizuri lakini tunaogopa kukisema. Usinyamaze semina nzima kwa kuogopa kuchekwa. Wanaokucheka nao wametoka kwenye bweni lililokuwa likizungumza Kiswahili.

Jambo la pili ni nyaraka. Someni barua ya kujiunga na chuo mpaka mstari wa mwisho, na ikiwezekana msomeeni na mzazi. Vyeti halisi vya kuzaliwa, vya kidato cha nne na cha sita viwekwe mahali pamoja pasipolowa. Toeni nakala, nyingine ibaki nyumbani. Cheti kikipotea stendi ya basi, utaanza na polisi, utaendelea na ofisi moja baada ya nyingine, na wenzako watakuwa wanasajiliwa. Usajili una tarehe yake ya kufungwa. Nimeona vijana waliofaulu vizuri wakisimama dirishani siku ya baada ya kufungwa, na machozi hayakuwa na msaada wowote.

Jambo la tatu ni fedha, na hapa naomba wazazi nao wasikilize.

Ada ya kijana wa Njombe ina harufu ya udongo. Ni viazi, ni mahindi, ni mbao, ni majani ya chai, na miaka hii ni parachichi. Kijana akipoteza shilingi 50,000 mjini, ajue ni magunia mangapi yamebebwa mgongoni. Wengi wenu mtapata mkopo wa Serikali kupitia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, huja kwa awamu. Ikifika, siku tatu za kwanza kila mtu ni tajiri. Wiki ya nne utaona nani alikuwa na akili.

Siku hiyo hiyo inapoingia, fanya hivi: toa kodi ya chumba, toa gharama za vitabu na nakala, kisha kilichobaki kigawe kwa idadi ya siku mpaka awamu ijayo, na uongeze wiki mbili, maana fedha huweza kuchelewa. Jibu utakalolipata ndilo chakula chako cha siku. Usilivuke. Mchezo wa kubahatisha matokeo ya mpira kwenye simu uuache kabisa. Sijapata kumwona mwanafunzi aliyelipiwa ada na mchezo huo, ila nimewaona walioupelekea ada.

Na ninyi wazazi, bumu si mshahara. Nimejua vijana waliolala na njaa kwa sababu nyumbani waliambiwa, "Wewe sasa unapokea fedha, mlipie mdogo wako." Fedha hiyo ni deni. Sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Kwa mfano, mwenye mshahara wa shilingi 800,000 atakatwa shilingi 120,000 kila mwezi. Kijana anayekopa leo atalipa akiwa na mke na watoto. Basi mwacheni ale chakula alichokopa.

Ndugu zangu, deni la elimu si jambo jipya, ila sura yake imebadilika. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kuingia Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, na siku hiyo hiyo akautangazia umma kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, lililotaka kijana wa kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Utaratibu huo ulikwisha baadaye. Mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima nayo yalisimama mwaka 1994 yakarudi mwaka 2013, na baadhi yenu mmetoka kambini juzi. Mnaweza kubishana kama hatua hizo zote zilikuwa sawa. Hata sisi tunabishana. Lakini swali lililokuwa nyuma yake ni moja: aliyesomeshwa na watu wengi anawarudishia nini? Asilimia 15 italipa deni la Bodi. Deni la wale waliobeba magunia halina fomu.

Jambo la nne ni afya. Mkoa wetu ni wa baridi, na ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Hiyo ni neema, lakini ina hatari yake: mwili wa kijana aliyekulia Njombe haujazoea malaria. Anafika Dar es Salaam au Morogoro, wiki ya tatu anapata homa, anadhani ni mafua ya kwetu, anajifunika blanketi. Usifanye hivyo. Nunua chandarua kabla ya kununua redio, na ukipata homa nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Hakikisha bima yako ya afya imekamilika wakati wa kujisajili, si siku unayoumwa.

Na sasa nitasema neno ambalo wazee hupenda kulipitia pembeni. Kwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023, maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wa miaka 15 na zaidi nchini yalikuwa asilimia 4.4. Katika Mkoa wa Njombe yalikuwa asilimia 12.7, mkoa wa kwanza Tanzania nzima. Hakuna familia katika ukumbi huu isiyojua maana ya takwimu hiyo. Wengine hapa mmelelewa na bibi. Kwa hiyo sitawahubiria. Nasema tu: pimeni, mjue hali zenu. Anayeweza kusubiri asubiri. Asiyesubiri atumie kinga kila mara. Aliyekutwa na virusi aanze dawa mara moja na asiache. Anayetumia dawa vizuri anaishi, anasoma, anahitimu na anafanya kazi kama mwingine. Mwenzenu akiwaambia hali yake, siri hiyo ifieni nayo.

Jambo la tano na la mwisho ndilo lililonifanya nikubali kuzungumza leo. Ni kunyamaza.

Palikuwa na kijana mmoja wa kutoka nyanda hizi zetu za juu. Sitamtaja wala chuo chake. Mwaka wa kwanza baba yake aliugua, akawa anarudi nyumbani mara kwa mara, majaribio yakampita, mitihani ikamshinda, akapewa barua ya kuondolewa masomoni. Aliona aibu. Alibaki mjini akilala vyumbani kwa wenzake, na kwa mwaka mzima nyumbani waliendelea kuuza viazi na kumtumia fedha wakijua wana mwanafunzi. Mama yake alikuja kujua siku alipofika chuoni kumsalimia, akapita ofisini kwetu kuuliza chumba chake. Mimi ndiye niliyefungua jalada. Sijui kama kuna kazi ngumu kuliko ile ya kumsomea mama barua hiyo.

Linaloniuma ni hili: kijana yule alikuwa na njia. Kila chuo kina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa, msiba au matatizo makubwa ya nyumbani. Unaandika barua, unaambatanisha ushahidi, unaipeleka kabla ya mitihani, unarudi mwaka unaofuata na nafasi yako ipo. Kuna mlezi wa wanafunzi, na kazi yake ni hiyo. Lakini utaratibu huo haumfuati mtu chumbani. Humsaidia anayesema, tena anayesema mapema. Baada ya mtihani kukushinda, maelezo ya ugonjwa wa baba huonekana kama visingizio hata yakiwa ya kweli.

Kwa hiyo vijana, wiki ya kwanza mkifika, kabla ya kujua maduka yalipo, mjue ofisi tatu: ya mlezi wa wanafunzi, ya mikopo, na ya mkuu wa idara yenu. Ukikwama, sema. Ukifeli somo, kuna mtihani wa marudio. Mwambie mzazi wako wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Mzazi aliyevumilia baridi ya Juni shambani hawezi kuvunjwa na somo moja. Uongo wa mwaka mzima ndio utakaomvunja.

Na ninyi wazazi, mkipigiwa simu hiyo, msianze na ukali. Mkianza na ukali, hakutakuwa na simu ya pili.

Ndugu Mwenyekiti, nina pendekezo moja kwa chama chetu. Wahitimu wa shule hii wapo Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Iringa na Mbeya. Naomba kila mji uwe na mtu mmoja atakayepokea majina ya vijana wetu wanaofika, na kuwatembelea walau mara moja kabla ya mitihani ya muhula wa kwanza. Hakutakuwa na gharama zaidi ya nauli ya basi la mjini. Kamati ikikubali, kwa Morogoro ninakoishi nimekwisha kujitolea, na namba yangu ya simu iko kwa Katibu.

Vijana, nawatakieni safari njema na masomo mema.