Kiharusi Hakishiki Mkono na Mguu Tu

Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili



Nimeombwa nieleze kwa nini bajeti ya huduma ya majumbani ina kifungu kipya cha "mazoezi ya misuli ya kupumua". Wajumbe wawili wamekwishaniuliza kama kuna mtu mzima anayehitaji kufundishwa kupumua. Ni swali la haki. Naomba nianzie nyumbani kwetu.

Baba yangu mdogo alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Alipotoka hospitalini tulielekezwa dawa za shinikizo la damu na namna ya kumnyoosha mkono, tukafanya kwa bidii. Lakini sauti yake ilikuwa imefifia, na akikohoa ni kama mtu anayesafisha koo tu. Tulidhani ni uchovu. Tulimnywesha uji akiwa nusu amelala. Ukimpalia, tunampigapiga mgongoni. Wiki ya tano ikaja homa, ikawa nimonia, tukamzika. Mimi mwenye shahada sikujua kwamba kikohozi dhaifu ni dalili ya hatari.

Ubongo ukikosa damu, au mshipa ukipasuka ndani yake, misuli iliyokuwa ikipokea amri kutoka sehemu ile hulegea. Mkono tunauona. Hatuoni kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, wala misuli ya mbavu, nayo huweza kulegea vilevile. Mgonjwa akilala siku nyingi inazidi kudhoofu. Hapo kikohozi hakina nguvu ya kutoa makohozi, au uji ulioingia njia ya hewa. Nimonia ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo baada ya kiharusi.

Mazoezi yenyewe hutumia kifaa kidogo cha kushika mkononi, chenye vali na springi. Springi ikikazwa, mgonjwa hana budi kuvuta hewa kwa nguvu zaidi ndipo vali ifunguke. Ni kama anayeanza kubeba maji kwa ndoo ndogo, kisha akapewa kubwa. Mtaalamu wa fiziotherapia hupima kwanza nguvu za mgonjwa. Mara nyingi huanzia kama asilimia 30 ya nguvu hizo, kisha huongeza kidogo kidogo. Mdomo ukiwa umepinda, ndugu humshikia midomo ili hewa isivuje. Kila mgonjwa ana kifaa chake, hatuazimani. Wala mtu asianze mwenyewe bila kupimwa, hasa mwenye shinikizo lisilotulia au aliyepata shambulio la moyo karibuni.

Wafadhili wetu wasikie ukweli wote. Mwaka 2016 jarida la chama cha wanafiziotherapia wa Australia lilichapisha uchambuzi wa majaribio 5 yenye wagonjwa 263. Nusu saa ya mazoezi, mara 5 kwa wiki, kwa wiki 5, iliongeza nguvu za misuli na kupunguza matatizo ya mapafu. Lakini jaribio la London lililochapishwa mwaka 2015 lilikuta kikohozi kikiimarika kwa wote, hata kwa waliopewa kifaa kisichokazwa, bila tofauti ya maana. Kwa hiyo siwaahidi muujiza, na ndiyo maana kifungu hiki nimekiweka kidogo.

Wagonjwa wapo. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kuzingatia umri, wagonjwa wapya wa kiharusi kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Wengi wetu hapa tunaye mmoja katika mtaa wetu.

Fedha tunazoomba, sehemu kubwa si ya vifaa. Ni nauli ya mtaalamu wa kuwafuata wagonjwa nyumbani, kwa sababu kifaa kisichofuatiliwa kitakaa kabatini. Inayobaki ni ya kuwafundisha wanaotembelea wagonjwa mambo yasiyo na gharama: mgonjwa akae wima anapokula na kwa nusu saa baada ya hapo, alishwe kidogo kidogo, na akipaliwa au sauti ikiwa ya majimaji baada ya kunywa, msimlazimishe, apelekwe apimwe kumeza. Homa pamoja na kupumua harakaharaka ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, si ya kesho.

Kabla hamjapigia kura kifungu hiki, naomba kila kamati imkabidhi katibu orodha ya wagonjwa wa kiharusi walio katika usharika wake, tujue tunapanga kwa ajili ya watu wangapi. Na akina mama wa huduma, mkimkuta mtu amelazwa chali na bakuli la uji liko pembeni, mketisheni kwanza, salamu zifuate.