Kuvunja kwa Makusudi: Klasta ya Majaribio kwa Programu Huria za Hifadhi ya Data



Kivinjari kikikwama, mtumiaji hukifunga, akakifungua tena, kazi ikaendelea. Mfumo wa hifadhi ukikosea mara moja tu, ukajibu kuwa data imeandikwa kabla haijafika kwenye diski, majalada ya wagonjwa au matokeo ya mitihani hupotea na hakuna wa kuyarudisha. Mifumo hii lazima ivunjwe kwa makusudi maabarani kabla haijavunjika kazini. Na ninachotetea hapa ni kwamba ubora wa klasta ya majaribio hauko katika wingi wa seva. Uko katika uwezo wa kulirudia kosa lililotokea jana usiku, leo asubuhi, mbele ya macho ya anayelirekebisha.

Mfano wangu ni Ceph, mfumo huria wa hifadhi ya data. Ilianza kama kazi ya uzamivu ya Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na makala yake kuu ikatoka mwaka 2006. Kampuni ya Inktank ilianzishwa 2012 kuiendeleza, kisha Red Hat ikainunua 2014. Wanaoitengeneza wana chombo chao cha majaribio, Teuthology, kilichoandikwa kwa Python, na maabara ya seva iitwayo Sepia. Msimbo wa chombo hicho uko wazi, kwa hiyo yeyote kati yetu anaweza kuusoma na kuiga kilichomo.

Kazi ya majaribio huanzia kwenye foleni. Zamu yake ikifika, seva zinazohitajika huandikwa kuwa zimeshikwa, ili kazi nyingine isiziingilie. Huwekewa mfumo endeshi upya, kisha Teuthology huingia kwa SSH, husakinisha toleo linalopimwa na kuanzisha klasta ndogo ya Ceph. Hapo ndipo mashambulizi huanza. Programu moja huandika vitu kwenye klasta huku ikitunza pembeni hesabu ya kila kilichopaswa kuwemo, halafu huvisoma tena na kulinganisha. Wakati huohuo programu nyingine huua huduma za diski bila mpangilio, huzitoa kwenye klasta na kuzirudisha. Miunganisho ya mtandao nayo hukatwa: mpangilio mmoja unaotumika sana huvunja muunganisho kwa wastani mara moja katika kila operesheni 5,000 za soketi.

Data ikitoka salama, hukumu bado. Klasta nzima lazima irudi katika hali ya afya, nakala zilinganishwe, na logi ya klasta ikaguliwe. Onyo lolote ambalo halikuorodheshwa mapema kuwa linatarajiwa huifelisha kazi, hata kama hakuna baiti moja iliyopotea. Naupenda sana ukali huu, maana mifumo ya hifadhi mara nyingi hunong'ona kabla ya kuanguka.

Hapa naomba nitulie kidogo, kwa sababu jambo linalofuata linatugusa sisi moja kwa moja. Kuua mchakato si sawa na kukata umeme. Mchakato ukiuawa, data iliyokwisha kukabidhiwa kwa kiini cha mfumo endeshi ingali kwenye kumbukumbu ya seva, na itafika diskini baada ya muda mfupi. Umeme ukikatika, hiyo nayo hupotea, pamoja na ile iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda ya diski yenyewe. Programu inaweza kufaulu majaribio elfu ya kuuawa na bado ikapoteza faili siku ya kwanza jenereta inapochelewa kuwaka. Kwa hiyo, katika klasta yoyote tutakayoijenga huku kwetu, nashauri umeme ukatwe kweli, kupitia IPMI, ule mlango wa usimamizi ulio kwenye seva, tena katikati ya uandishi. Na diski za majaribio ziwe za aina ileile itakayotumika kazini. Diski zenye akiba ya umeme ya kukamilisha uandishi huficha makosa ambayo diski za bei nafuu huyaanika.

Idadi ya seva ni suala la hesabu. Ceph kwa kawaida hutunza nakala 3, na ukiagiza kila nakala ikae kwenye seva yake, seva 3 zinatosha kuandika na kusoma. Lakini moja ikifa, hakuna pa kuijenga upya nakala iliyopotea, na ujenzi huo upya ndiko makosa mazito yalikojificha. Anzeni na seva 4.

Ongezeko la machaguo nalo ni la kutisha. Teuthology huunganisha vipande vya usanidi vya YAML kwa kuvizidisha. Chukulieni vipengele sita vyenye machaguo 3, 4, 5, 6, 8 na 8: mnapata kazi 23,040. Kila moja ikichukua nusu saa na seva 2, klasta ya seva 8 ingehitaji siku 120 mfululizo. Ndiyo maana chombo hiki kinaruhusu kuchagua sehemu ndogo, iliyopangwa ili kila chaguo lijaribiwe walau mara moja ingawa si kila mchanganyiko. Kesho huchaguliwa sehemu nyingine. Sehemu iliyochaguliwa lazima iandikwe pamoja na namba iliyoanzishia bahati nasibu yake. Bila kumbukumbu hiyo, kazi iliyofeli haiwezi kuitwa tena.

Usafi wa seva una uzito uleule. Zamani Teuthology ilikuwa na amri ya kufuta mabaki ya jaribio lililopita. Baadaye kazi hiyo ikaachiwa uwekaji upya wa mfumo endeshi kwa kila kazi. Mabaki, kama faili la usanidi au diski ambayo haikuondolewa, yanaweza kuzaa kosa ambalo halitarudi tena kwenye seva safi. Gharama ya uwekaji huo upya ni upakuaji usiokwisha, kwa hiyo wekeni hazina ya vifurushi ndani ya maabara, msiache kila seva ivute vifurushi vilevile kutoka intaneti. Mtandao wa maabara utengwe na wa ofisi. Saa za seva nazo zisawazishwe na seva ya saa iliyo ndani ya maabara: huduma za uangalizi za Ceph (monitor) hulalamika tofauti ikizidi sekunde 0.05, na mmekwisha kusikia onyo hufanya nini.

Linabaki suala la watu, na hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko zote. Kazi ikifeli mara moja katika mara hamsini, kishawishi ni kuirudia mpaka ifaulu na kuendelea na mengine. Kosa la aina hiyo kwenye klasta ya diski elfu moja linaweza kutokea kabla wiki haijaisha. Anayelikuta alirudie kwa nia nyingine, aiendeshe kazi hiyo tena na tena hadi kosa lijitokeze likiwa na logi kamili. Kila asubuhi mtu mmoja wa zamu asome matokeo yote na kuyagawa: lililotokana na maabara yenyewe, kasoro inayojulikana, kasoro mpya. Kasoro mpya ifunguliwe taarifa siku hiyohiyo kwa watengenezaji, ikiambatana na usanidi wa kazi na logi zake, na logi hizo zisifutwe hadi taarifa ifungwe. Katika bajeti, diski za kutunzia logi zitangulie seva ya tano.