Mnada wa Sadaka na Adabu Zake

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ali zake na sahaba zake.

Bwana Mwenyekiti, masheikh wenzangu, wazee wetu, kina mama na vijana, mlio wa hapa Sikuda, mliovuka kutoka Busia ya Kenya, na ninyi mliotoka Tororo: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya hayo, nimetakiwa niseme maneno machache juu ya mnada tuufanyao kwa ajili ya misikiti na madrasa zetu. Kila mmoja wetu aujua. Fedha taslimu zikiisha kukusanywa, huletwa jogoo, mkungu wa ndizi, kapu la mayai, pengine mbuzi, na dalali husimama akanadi. Jogoo ambaye sokoni ana bei ya jogoo, hapa aweza kutupatia mabati.

Yuko aulizaye kama jambo hili lina asili katika dini. Imepokewa kwa Anas bin Malik, Mungu amuwie radhi, katika Sunan ya Abu Daud, ya kuwa mtu mmoja wa Ansari alimwendea Mtume kuomba. Mtume akamwuliza ana nini nyumbani kwake. Alikuwa na tandiko na bakuli tu. Mtume akavitwaa mkononi mwake, akavinadi. Mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akauliza tena na tena kama yuko atakayezidisha, na mwingine akatoa mbili, akauziwa. Dirhamu moja yule maskini akaambiwa anunue chakula cha watu wake, na ya pili anunue shoka akakate kuni. Baada ya siku 15 alirudi ana dirhamu 10.

Zingatieni. Mali ilikuwa duni, na Mtume hakuidharau. Fedha zilikuwa chache, na zilitosha kwa kuwa kazi yake ilijulikana tangu mwanzo. Na mwenye vitu aliondoka na heshima yake.

Heshima hiyo mimi niliwahi kuivunja, nami nitawaambieni. Miaka mingi iliyopita nilikuwa dalali katika mnada wa msikiti mmoja wa mpakani. Ulimi wangu ulikuwa mwepesi, na watu walipenda nilivyowachekesha. Akaletwa jogoo, watu wawili wakashindana. Nilipoona mmoja anyamaza, kijana wa bodaboda, kazi iliyoanzia papa hapa mpakani kwa baiskeli, nikamwita kwa jina, nikamwuliza mbele ya wakwe zake kama ameshindwa. Akataja bei kubwa, kwa ahadi. Watu wakaleta takbira. Ijumaa iliyofuata hakuja msikitini, wala ya pili, wala ya tatu. Nilipokwenda kwake aliinamisha kichwa, kama aliyefikiwa na mdai. Tulimwuza jogoo, tukampoteza mtu katika safu. Nilimwomba radhi, kamati ikamsamehe, naye akarudi. Walakini sikunadi tena kwa namna ile.

Basi nawausieni haya. Kwanza, dalali asimwite mtu kwa jina ili azidishe. Kitu kidogo kitangulie, watu wangali wengi, na mayai ya mjane yanadiwe kwa sauti ile ile inadiwayo mbuzi ya tajiri. Anunuaye akipenda kurudisha kitu kinadiwe tena, amepata thawabu, asilazimishwe.

Pili, Mtume alikataza najash, yaani kupandisha bei ilhali huna nia ya kununua. Wako wadhanio kuwa kwa ajili ya msikiti yafaa kumficha mtu katikati ya watu afanye hivyo. Haifai. Nyumba ya Mungu haijengwi kwa hila.

Tatu, hadi mwaka 1966 shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa moja pande zote mbili. Tangu hapo kila nchi ina yake. Dalali atangaze mapema anadi kwa shilingi ipi, na kiwango cha kubadilishia cha siku hiyo kiandikwe ubaoni, watu wakione.

Nne, ahadi ni deni. Iandikwe jina, kiasi na siku ya kulipa, na asiye nacho asihimizwe kuahidi. Shilingi chache zilizo mezani zanunua saruji. Ahadi kubwa ya kiburi hainunui hata msumari.

Tano, hesabu isomwe Ijumaa inayofuata: kilichopatikana, kilichotumika, kilichobaki. Aliyesikia hesabu mwaka huu ataleta jogoo mwaka ujao bila ya kuombwa.

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul Baqara kuwa sadaka hubatilika kwa masimbulizi na udhia. Tumkumbuke basi anunuaye, na aletaye, na yule aketiye nyuma kimya kwa kuwa leo hana kitu. Wote watatu ni wenye msikiti.

Mwenyezi Mungu azikubali sadaka zetu, azitakase nia zetu, awarehemu waliotutangulia. Amin. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.