Filimbi ya Mpingo

Juma lililopita nilikuwa kwetu Nachingwea, na habari ninayokuletea leo ni ya filimbi. Usicheke kwanza.

Nilikuwa nimekaa barazani kwa mjomba, akapita mgeni kutoka Ayalandi, mtu wa makamo aliyekuwa njiani kwenda Ruangwa kutazama misitu. Alifungua mkoba mdogo wa ngozi, akatoa vipande vitatu vya mti mweusi vyenye pete za fedha, akaviunga, ikawa filimbi ya karibu sentimita 70. Ati imechongwa kwa mkono na fundi wa kwao, lakini mti wenyewe umetoka Tanzania, ndiyo maana amekuja kuuona unakoota.

Nikaipokea. Uzito ule niliujua kabla sijaambiwa kitu. Mchi wa marehemu mama ulikuwa wa mpingo, na tukiwa watoto tulikuwa tukiweka kipande chake kwenye ndoo tukishindana nani atakifanya kielee. Hakuna aliyeshinda, maana mpingo huzama kama jiwe.

Filimbi hii, msikilizaji, haiingizwi mdomoni kama ya refa. Unaishika kwa ubavu, unaegemeza mdomo wa chini kwenye tundu, na pumzi inavuka tundu na kukatwa na ukingo wa ng'ambo. Matundu ya vidole ni 6, basi. Nikapuliza. Ikatoka hewa tupu, kama baiskeli iliyochomwa na mwiba. Nikaongeza nguvu, kichwa kikazunguka. Mgeni akanionyesha kwamba kosa ni hiyo nguvu. Midomo ibanwe, pumzi iwe nyembamba. Baada ya majaribio kumi hivi ikatoka sauti moja, nene, yenye mkwaruzo kidogo chini yake, nikaisikia mpaka kwenye vidole. Nami, mtu wa redio miaka yote hii, nilikuwa sijawasha kinasa sauti!

Mwenyewe alipopiga, watoto wa mtaa mzima walijaa. Ni muziki wa kuchezea wa kwao, wa kasi, mpigaji anaiba pumzi katikati. Lakini baada ya robo saa aliacha, akafuta unyevu ndani kwa kitambaa. Filimbi mpya haipigwi muda mrefu, yasije mate yakaipasua. Jirani wa mjomba, mzee aliyekuwa mpasua magogo, akashangaa: "Mti umevumilia jua la huku miaka 80, leo unaogopa mate?"

Mgeni alitueleza kwamba filimbi za namna hii zilipigwa na matajiri wa Ulaya. Mwaka 1847 Theobald Boehm wa Ujerumani akabuni filimbi mpya ya chuma, zile za mti zikashuka bei, na watu wa kawaida wa Ayalandi wakaziokota. Leo mpingo ndio unaopendwa na mafundi wao, kama unavyopendwa na mafundi wa klarineti na wa zumari za mfuko za Waskoti.

Mzee akauliza bei. Zaidi ya euro 1,000. Akaomba atafsiriwe kwa shilingi, kisha akanyamaza kitambo. "Sisi tulilipwa kwa gogo," akasema. "Gogo lenye ufa halikulipwa, liliachwa porini."

Sitaki kumwonea fundi. Mti huo hukaushwa kwa miaka kabla ya kutobolewa, na sehemu kubwa ya gogo huishia vumbi. Lakini mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufaa kuvunwa, na anayeulinda dhidi ya moto muda wote huo ni mwanakijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuuza magogo yake na kubaki na mapato. Jirani zetu wa Kilwa walitangulia, na mwaka 2009 misitu ya vijiji vyao ikapata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora. Kijiji kisichotenga kinaendelea kutazama lori likipita.

Wakati tunazungumza hayo, mzee alikuwa amevichukua vile vipande vitatu, anavipima kwa shubiri. Kirefu kuliko vyote hakikufika mkono mmoja.

"Mwanangu," akaniambia, "mwulize mgeni wako. Gogo lenye ufa upande mmoja, halitoi kipande kama hiki upande wa pili?"

Nikauliza. Mgeni akasema linatoa, kama ufa haukuingia kwenye moyo.

"Basi tulizichoma mkaa," mzee akasema.

Mpingo uliokatwa hauozi upesi. Alfajiri, nikisubiri basi la Lindi, niliwaona wawili hao wakishika njia ya Ruangwa kwa pikipiki moja, mzee nyuma, akimwonyesha dereva kwa mkono. Kutazama tu, alinipungia. Kibali cha kukata hana.