Kihisi Kinachopindika na Jora Linalokimbia: Mada kwa Mafundi wa Viwanda vya Rusizi

Ukishuka kutoka milima ya Butare hadi bonde la Bugarama unabadilisha hali ya hewa bila kutoka katika wilaya ya Rusizi. Juu kuna baridi, ukungu na mvua za ukanda wa msitu wa Nyungwe. Chini, kando ya mto Rusizi, ambako ndiko chini kuliko kwingine kote Rwanda (takriban mita 950 juu ya usawa wa bahari), joto ni la kuvua koti. Karatasi ikihamishwa kutoka huku kwenda kule hunywa maji au huyaachia, na uzito wake hubadilika ingawa hakuna aliyeigusa. Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo litakaloamua kama vihisi ninavyovizungumzia vitatufaa au vitatudanganya.

Jora, kwa maana ya mada hii, ni kitu chochote kirefu na chembamba kinachopita mashineni mfululizo: kitambaa, karatasi, filamu ya plastiki, au kitambaa cha polipropilini kinachoshonwa kuwa mifuko ya saruji. Mfuko wa saruji ndio nitakaoung'ang'ania. Tunaishi jirani na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza kuzalisha mwaka 1984, na hakuna fundi hapa asiyewahi kuona mfuko wa kilo 50 ukipasuka begani mwa mpakizi. Mara nyingi mfuko wa namna hiyo ulikuwa na kasoro tangu ukiwa jora: utepe mmoja uliokatika wakati wa kufuma, au sehemu iliyotoka nyembamba. Kasoro hiyo ingeweza kuonekana pale pale kwenye mashine ya kufuma, kabla mtu hajaubeba mfuko.

Njia ya kuiona ni kupima kapasitansi, yaani uwezo wa bamba mbili kutunza chaji ya umeme, na kupima kwa namna hiyo si jambo geni. Kampuni ya Zellweger, ya mji wa Uster nchini Uswisi, ilitoa mwaka 1948 kifaa cha kupima ulinganifu wa uzi wa pamba kwa kuupitisha kati ya bamba mbili za chuma, na hadi leo viwanda vya nyuzi duniani hulitaja jina la Uster vinapozungumzia ubora wa uzi. Kanuni yake ni ya darasani. Bamba mbili zikiwekewa umeme hutunza chaji. Kitu kikiingia katikati, chaji huongezeka kulingana na wingi wa kitu hicho na namba yake ya dielektriki. Namba ya hewa ni 1, ya polipropilini ni 2.2 hivi, ya karatasi kavu hucheza kati ya 2 na 4. Ya maji ni 80. Hiyo 80 ndiyo chanzo cha taabu yetu yote.

Kabla ya kufika kwenye maji, tuangalie ukubwa wa kile tunachokitafuta. Chukua bamba mbili za sentimita 4 kwa 4, zilizoachana milimita 2. Zikiwa tupu, kapasitansi yake ni pikofaradi 7.1. Pitisha karatasi ya unene wa milimita 0.1 yenye namba ya dielektriki 3, nayo itapanda hadi 7.33. Sasa karatasi iongezeke unene kwa asilimia 10, kosa ambalo mnunuzi hawezi kulivumilia: badiliko litakalotokea ni femtofaradi 25 tu, yaani sehemu 25 kwa elfu ya pikofaradi moja. Kwa upande mwingine, fremu inayoshika bamba ikitanuka kwa joto na kuzisogeza mikroni 10 tu, badiliko ni femtofaradi 38. Kutanuka kwa chuma kumeipiku kasoro tuliyokuwa tukiiwinda! Katika karakana ambayo asubuhi ni ya baridi na adhuhuri ni ya moto, bamba mbili ngumu zitakuwa zinapima hali ya hewa.

Hapo ndipo kihisi kinachopindika kinapopata kazi. Elektrodi zake ni mistari ya shaba iliyochorwa juu ya filamu nyembamba ya plastiki, mistari ya upande mmoja ikiingiliana na ya upande wa pili. Unaibandika filamu hiyo juu ya mwamba uliojipinda ambao jora hupita likiwa limevutwa. Mvuto wa jora lenyewe hulikandamiza juu ya kihisi, na ile nafasi ya hewa iliyokuwa ikitusumbua inatoweka. Jora halipigi mawimbi na fremu haina la kusogeza. Uga wa umeme huchomoza juu ya mistari na kuingia ndani ya jora kwa kina cha takriban theluthi moja ya umbali kati ya mistari miwili ya upande mmoja. Kwa hiyo kitu chembamba kinataka mistari iliyobanana, na kitu kinene, tuseme tabaka la majani ya chai juu ya mkanda, kinataka mistari mipana iliyoachana. Anayeuza kihisi kimoja kwa kazi zote mbili anauza biashara, hauzi kipimo.

Filamu inayotumika sana ni ya polimaidi, kwa sababu inavumilia joto la kulehemu. Wauzaji hawana haraka ya kuwaambia kwamba polimaidi nayo hunywa maji: katika hewa iliyoshiba mvuke huweza kubeba karibu asilimia 3 ya uzito wake. Kihisi kinalowa kabla ya kitu kinachopimwa! Kwa karakana za huku juu mimi ningechagua poliesta, ambayo hunywa chini ya asilimia 1, nikubali usumbufu wa kuiunganisha kwa gundi yenye fedha badala ya kulehemu. Na kando ya elektrodi zinazopima lazima kuwe na jozi nyingine isiyoguswa na jora, inayoonja hewa ile ile, ili matokeo yake yatolewe kwenye kipimo.

Sasa maji yenyewe. Kihisi cha kapasitansi hutoa namba moja, nasi tuna maswali mawili: jora lina uzito gani, na lina maji kiasi gani? Pamba katika hewa ya kawaida ya maabara, nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65, inahesabiwa kibiashara kuwa na maji asilimia 8.5 ya uzito wake mkavu. Maji yakiongezeka kidogo, kihisi kitasema kitambaa kimekuwa kizito. Viwanda vikubwa vya karatasi duniani huepuka mtego huu kwa kupima uzito kwa mionzi ya beta, mara nyingi ya kriptoni-85, na maji kwa mwanga wa infraredi. Lakini chanzo cha mionzi kina vibali vyake: Tanzania utapita Tume ya Nguvu za Atomiki, na hapa Rwanda utapita mamlaka ya udhibiti, RURA. Karakana ndogo haiwezi kuubeba mzigo huo.

Polipropilini, kwa bahati yetu, karibu haitaki maji kabisa. Kihisi kikisema kitambaa cha mfuko kimepungua, kweli kimepungua. Ndiyo maana nashauri tuanze na kitambaa cha mifuko, tusianze na karatasi wala pamba, hata kama karatasi ina soko zaidi tangu Rwanda ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2008. Atakayeanza na karatasi atatumia mwaka mzima akipigana na unyevu na kuamini kwamba teknolojia ndiyo mbovu.

Kasi nayo isitutishe. Kichipu cha FDC1004 cha Texas Instruments, chenye waya wa ngao unaoendeshwa na kichipu chenyewe, husoma mara 400 kwa sekunde. Jora la karatasi likienda mita 5 kwa sekunde, kati ya usomaji na usomaji hupita milimita 12.5, na tundu dogo litapenya. Lakini mashine ya kufuma ya duara ni mzee wa taratibu. Kitambaa kikitoka mita 2 kwa dakika, usomaji huo huo hutokea kabla hata sehemu ya kumi ya milimita haijapita. Utepe uliokatika hauna pa kujificha, mradi elektrodi zipangwe safu kuvuka upana wote na kila moja ilinganishwe na jirani yake.

Adui aliyebaki ni umeme tuli. Polipropilini kavu ikisugua plastiki huzalisha volti za kutosha kuua kichipu, na vumbi la saruji hukwaruza kila kinachobandikwa mahali pa kupita. Kwa hiyo kabla kitambaa hakijafika kwenye kihisi kiguse brashi ya nyuzi za kaboni iliyounganishwa na ardhi, na juu ya elektrodi kuwe na tepe nyembamba ya tefloni inayobadilishwa ikichakaa. Tepe hiyo itapunguza kidogo uwezo wa kuhisi, kwa hiyo ibadilishwe kwa nyingine ya unene ule ule, na baada ya kila badiliko usawazishaji urudiwe: kata vipande vya sentimita 10 kwa 10 kutoka sehemu mbalimbali za jora, vipime kwenye mizani ya maabara, zidisha gramu mara 100 upate uzito wa mita moja ya mraba, kisha linganisha na namba ambazo kihisi kilitoa vipande hivyo vilipopita.