Intaneti ya Waya Inapokatikakatika

Leo tuzungumzie kompyuta ya mezani ambayo intaneti yake inakuja na kupotea. Hapa Sparkbrook hilo si jambo dogo. Ujumbe wa Universal Credit unajibiwa mtandaoni, na usipojibu kwa wakati malipo yanaweza kusimama. Viza nayo sasa iko mtandaoni, maana kadi nyingi za BRP ziliisha muda tarehe 31 Desemba 2024. Na watoto wana kazi za shule.

Kabla ya kununua chochote, jua kwanza shida iko wapi. Intaneti ikikatika, chukua simu, zima data, tumia waifai ya nyumbani peke yake. Kama simu nayo haipati kitu, shida iko kwenye rauta au kwenye laini ya nje. Zima rauta ukutani, hesabu nusu dakika, washa tena, ngoja dakika tano. Usichome kile kitundu kidogo cha nyuma kwa pini, kwa sababu kinafuta mipangilio yote. Ikirudia, pigia kampuni yako ya intaneti.

Kama simu inapata na kompyuta haipati, shida iko kati ya rauta na kompyuta. Anza na waya. Usukume pande zote mbili mpaka usikie "tik". Kile kilimi cha plastiki kikivunjika, waya hulegea kila meza ikitikiswa. Angalia kama umebanwa na mlango au mguu wa kitanda. Kisha uhamishe kwenye tundu jingine la rauta. Bado? Azima waya wa jirani ujaribu siku moja.

Waya ukiwa mzima, tazama kompyuta yenyewe. Windows huweza kuzima kadi ya mtandao ili kuokoa umeme. Fungua "Device Manager", kisha "Network adapters", bonyeza mara mbili jina la kadi ya waya, nenda "Power Management", uondoe alama ya tiki kwenye ruhusa ya kuizima. Usipoiona sehemu hiyo, iache.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ndipo utajua kilichoponya. Andika saa ambazo intaneti imekatika. Karatasi hiyo itakusaidia ukiongea na kampuni.

Mtu akikupigia bila wewe kumwita, akasema intaneti yako ni mbovu na anataka kuingia kwenye kompyuta yako, kata simu. Huyo ni tapeli.

Na usingoje fundi kama una ujumbe wa kujibu leo. Tumia data ya simu, nenda kwenye kompyuta za maktaba, au pigia Universal Credit 0800 328 5644, ni bure, ueleze kwamba huna intaneti.