Kifafa Kinapokataa Dawa: Tuuze Ng'ombe?

Juzi mama mmoja alitujia akitaka kuuza ng'ombe wake. Alikuwa amesikia kuna mashine ya mawimbi inayotibu kifafa, na kijana wake huanguka tangu utotoni. Akatuuliza, "Niuze ama nisiuze?" Leo tunajibu swali hilo mbele yenu nyote.

Mashine iko, si uvumi. Mawimbi yake ni ya sauti ambayo sikio halisikii, kama yale ya kupiga picha ya mtoto tumboni. Mmewaona watoto wakikusanya jua kwa kioo mpaka karatasi ikaungua? Ndivyo mawimbi mengi yanavyoelekezwa mahali padogo ndani ya ubongo, bila kupasua kichwa. Yakiwa makali huchoma. Marekani iliruhusu njia hiyo mwaka 2016 kwa ugonjwa wa kutetemeka mikono. Yakiwa hafifu hayachomi, bali madaktari wanajaribu kutuliza nayo mahali kifafa kinapoanzia.

Lakini kwa kifafa bado ni majaribio. Mwaka 2022 madaktari wa Taiwan walitoa taarifa ya wagonjwa 6 tu, na si wote waliopata nafuu. Basi anayekuambia ulete pesa upone, anakudanganya.

Tukamwuliza mama, je, dawa anamezaje? Akasema, "Akikaa mwezi bila kuanguka tunaacha. Tena dispensari ikikosa, tunangoja." Tuliona haya. Tumemtembelea miaka mingi na hatukuwahi kumwuliza.

Madaktari husema kifafa kimekataa dawa pale dawa mbili zinazofaa, zilizomezwa sawasawa, zimeshindwa kukizuia. Na Shirika la Afya Duniani linasema watu hadi 70 kati ya 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri.

Kwa hivyo, mama, usiuze. Kikundi kifanye haya:

1. Muwe na daftari: siku alizoanguka, siku alizokosa dawa.
2. Mtenge akiba ya nauli na dawa, isiishe kabla ya nyingine kupatikana.
3. Asiache dawa bila daktari kusema.
4. Akizidi kuanguka, mpeleke daftari hospitali kubwa, muulize juu ya dawa nyingine au upasuaji.

Na anayeanguka alazwe kwa ubavu, asitiwe kijiko mdomoni.

Ng'ombe bado yuko zizini. Daftari limeanza kuandikwa.